Urithi wa Mashimo ya Chokaa

"Mwanamke huyo asiandike kitu!"

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu. Chumvi kainama juu ya meza ya msajili wa mirathi, kalamu iko mkononi, ncha yake inakaribia mstari wa saini, mara mlango ukapigwa teke na sauti ya baba yake mdogo ikaingia ofisini kabla ya mwenyewe.

Hakuja mikono mitupu. Begani alikuwa na ngozi ya ndama, mbichi, haina hata unywele mmoja, inamchuruzika mgongoni. Akaibwaga juu ya meza. Pwaa!

Mafaili yakalowa. Kikombe cha msajili kikapinduka, chai ikakimbilia ukingoni.

"Mzee!" Msajili aliruka kitini, miwani ikimning'inia kifuani kwa uzi wake. "Hapa ni ofisini au machinjioni?"

"Ni ushahidi huo, mama. Ushahidi haupakwi manukato."

"Basi mwanasheria wako angeuanika kwanza!"

Watu waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi la ukumbini walicheka, kisha wakaziba pua.

Chumvi hakucheka. Ile harufu ya chokaa na nyama ilimpiga mahali pasipo na kinga. Ndiyo harufu aliyorudi nayo baba yake kila jioni ya utoto wake, iliyokaa kwenye nywele zake hata akioga mara mbili. Kwa nukta moja aliona kwamba akigeuka tu, atamkuta mzee kasimama nyuma yake, kavua kofia. Hakugeuka. Mzee yuko chini ya udongo ambao bado haujashikana.

"Nilikuwa nasaini, baba mdogo," alisema taratibu. "Ngoja nimalize, tugombane nje."

"Huna cha kusaini. Mtu hakatai alichokwisha kula." Baba mdogo alikunja pembe ya ngozi karibu na mkia, akaigeuza juu. "Mama msajili, vaa miwani. Unaona nini hapo?"

Msajili akavaa miwani. Ngozini kulikuwa na alama iliyozama: duara, na ndani yake pembe mbili.

"Chapa," alisema.

"Chapa ya kiwanda cha kaka yangu. Na kabla yake ya baba yetu. Hiyo haigongwi na kila mwenye mikono. Mimi ndugu yake wa tumbo moja sijawahi kuigonga. Sasa muulize huyu anayetaka kujivua urithi. Muulize jana asubuhi nani kaigonga hii."

Hata feni ya dirishani ilionekana kuzunguka kwa adabu.

Msajili alimtazama Chumvi. "Ni wewe?"

Hapo, msomaji wangu, mwingine angesema la. Chapa haina jina, haina alama ya kidole. Nani angethibitisha?

"Ni mimi," Chumvi alisema.

*

Sikiliza ilivyokuwa.

Jana Chumvi aliomba ruhusa kwenye tanuri la mikate anakofanya kazi, akaenda kiwandani kurudisha funguo za baba yake. Kurudisha tu. Aliwakuta wafanyakazi wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, hawana wa kuwaambia fanyeni hiki. Mashimo ya chokaa yalikuwa yamejaa ngozi tangu siku ya msiba.

Mtoto wa mtengeneza ngozi haambiwi. Ngozi ikilala kwenye chokaa kupita siku zake huliwa, inageuka uji. Chumvi aliitazama lile povu la kijivu, akahisi kama anatazama chungu kinaungua jikoni kwa jirani. Akakunja mikono ya gauni.

"Mnakaa mnazitazama tu? Zitoeni! Ziosheni, ziwambeni zikauke!"

Wakaruka. Jina lenyewe la Chumvi alilipata pale pale. Alipokuwa hajafika kimo cha meza ndiye aliyekuwa akinyunyiza chumvi kwenye ngozi zilizotoka machinjioni, huku baba yake akisema, "Polepole, Chumvi, huungi mchuzi." Na ngozi ya kwanza ikitoka shimoni, baba alimkalisha gotini, akamshikisha chuma cha chapa, akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo, nyundo ikashuka. Tok!

Jana ngozi ya kwanza ilipotoka, mnyapara wa zamani alimwekea chuma kile kile mkononi. Nyundo nayo.

Mkono ukatangulia akili. Tok!

*

"Kosa hili linanigharimu nini?" Chumvi alimuuliza msajili.

Msajili alisogeza ngozi kwa rula ili apate mahali pa kuweka viwiko.

"Binti, sheria haimfungi mtu kwa kulia msibani. Wala kwa kuzima moto nyumba ya marehemu ikiungua. Kuokoa mali isiharibike si kuirithi. Lakini mtu akiuza, akigawa, akibomoa, akijitangaza kuwa ndiye mwenyewe, basi amerithi kwa matendo, hata kama mdomo unaimba sitaki, sitaki. Na aliyekubali harudi nyuma."

"Na akishakubali?"

"Anachukua vyote. Nyumba na nyufa zake."

Nyufa hizo Chumvi alikuwa akizijua. Nyuma ya ukuta wa kiwanda kuna visima vya majirani, na maji yake yamekuwa na rangi ya kutu tangu mwaka juzi. Kuna mtoto wa jirani aliyemwona mlangoni mikono yote miwili imezungushiwa vitambaa, ngozi ya viganja inabanduka kama ganda la kitunguu. Majirani walishamshitaki mzee. Mzee akafa, kesi haikufa. Yeyote atakayekuwa mrithi ndiye atakayesimama mahakamani, ndiye atakayeamriwa kuchimba udongo ule, kuusafisha, kuwapa watu maji, kuwatibu watoto wao. Kwa mshahara wa kukanda unga! Ndiyo maana alikuja kukataa. Yeye mwenyewe ana mtoto wa kulea, na hakutaka mtoto huyo akue chini ya mzigo ambao hata jaji angeuinua kwa shida.

Baba mdogo yeye aliuona mwepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Ameagiza watu, amegonga chapa," alisema, akihesabu kwa vidole vinene. "Kama huko si kujitangaza, basi mimi ni bikizee. Na shahidi ninaye. Mnyapara! Ingia!"

*

Aliingia mzee mwembamba, kofia kaikamata mbele ya tumbo. Vidole vyake havikuwa na kucha; chokaa ilishazila zamani. Hakumtazama Chumvi.

"Wewe ndiye uliyempa chuma?" msajili aliuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Kuna maana gani kwenu mtu kugonga chapa?"

"Ni desturi ya kazi, mama. Mwenye kiwanda akifa, chapa hailali. Wa kwanza kuishika baada ya mazishi ndiye tunayemwita bosi. Hakuna sherehe, hakuna hotuba. Nyundo ikilia, kila mtu anajua. Ndivyo alivyoingia marehemu, nami nilikuwepo."

Desturi hiyo Chumvi aliijua. Aliijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani, na aliisahau dakika ile moja tu aliyohitaji kuikumbuka.

"Umesikia, mama?" Baba mdogo alifungua mikono kama mtu anayepokea mgeni. "Hongera, bosi! Sasa twende nyumbani, kazi zinakungoja."

Akainyakua ile karatasi ya kukataa kutoka mezani, akaanza kuikunja.

"Weka chini," msajili alisema.

"Ya nini tena?"

"Nimesema weka chini. Humu ndani bosi ni mimi." Kisha akamgeukia mnyapara. "Nyundo ikalia. Halafu ikawaje? Huyu binti alisema nini?"

"Alicheka," baba mdogo alidakia. "Alifurahi, akawaambia..."

"Sikukuuliza wewe. Mzee?"

Mnyapara akatazama viatu vyake. Viatu havikumjibu.

"Mzee, nakungoja."

"Sikumbuki, mama."

Baba mdogo alitoa pumzi, akaweka makalio kitini bila kukaribishwa.

Msajili akachukua kalamu yake. "Kama hakumbuki, mimi naandika nilichosikia. Kugonga chapa, kwa desturi ya kazi hiyo, ni..."

"Mzee wangu," Chumvi alisema.

Hakupaza sauti. Alimwita kama alivyokuwa akimwita utotoni, alipokuwa akimletea maji ya kunywa.

"Mzee wangu, wewe ndiye uliyenifundisha kupita juu ya kingo za mashimo nisitumbukie. Ulikuwa ukinishika huku nyuma kwenye ukanda wa gauni. Leo ndiyo utanisukuma?"

Mzee akaivaa kofia, akaivua tena.

"Mwanangu, nina watu nyumbani."

"Najua."

"Kaniambia nikifungua mdomo, kazi sina. Nitakwenda wapi na mikono hii?"

Msajili akaweka kalamu chini polepole. "Nani kakuambia?"

Mnyapara hakutaja jina. Alitazama tu upande wa kiti, na aliyekaa kitini akaanza kutoka kijasho chembamba.

"Haya, nitasema," mzee alisema. "Mikono imekwisha kuliwa. Ulimi nao ukiliwa, nitaombea nini nikifa?" Akamkabili msajili. "Aligonga mara moja, mama. Halafu chuma kikamtoka mkononi kama kimemchoma. Akasema, 'Astaghafiru, nimefanya nini! Sikieni nyote, mimi si bosi wenu. Ngozi ziwambeni zisioze, msiuze hata moja. Atakayewekwa na mahakama ndiye atakayeamua.' Akakiokota chuma, akanirudishia. Funguo akanipa nizitunze. Tulisikia wote."

"Mwongo huyu! Mlevi!" baba mdogo alifoka.

"Sijaonja pombe tangu mke wangu afe, na wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwa hilo." Mzee alikuwa ameshavuka, sasa hakurudi. "Na jingine, mama. Kile chuma sikumpa kwa akili yangu. Huyu aliniita juzi, akaniambia, 'Akitia mguu tu, mpe chapa. Mkono wake utajua la kufanya.'"

Chumvi aligeuka akamtazama baba yake mdogo. Mtu huyu ndiye aliyembeba mgongoni siku alipoumwa surua. Alimjua mpaka mkono wake. Alijua pa kutega.

"Kwa nini?" alimuuliza. "Mali huitaki wewe. Mimi siitaki. Kwa nini unanivisha kwa nguvu?"

"Kwa sababu ya mapipa," mnyapara akajibu.

"Funga bakuli lako!" Kiti kilianguka nyuma, baba mdogo alikuwa amesimama.

"Mapipa ya dawa zilizokwisha kazi. Marehemu aliagiza yapelekwe mbali, kwa wenye kuyateketeza. Huyu akaona safari ndefu. Akayazika nyuma ya banda la kuwambia ngozi, pale pale mtelemko unapokwenda visimani. Mimi nilishika koleo."

Chai ilikuwa bado inadondoka kutoka mezani, tone, tone.

Chumvi aliuliza swali ambalo hakutaka jibu lake. "Baba alijua?"

Mnyapara akaikunja kofia.

"Mwanzoni hakujua, mwanangu. Baadaye alijua. Akasema ndugu ni ndugu. Akawa halali usiku, lakini akanyamaza."

Basi. Kuna vifo viwili: cha kwanza humchukua mtu, cha pili humchukua ulivyomjua. Chumvi alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikawa vyeupe kama vimetoka kwenye unga.

Msajili alikuwa ameshaelewa yote. "Akipatikana mrithi, funguo zinakaa kwake, na ami yake anaendelea kumwendeshea kiwanda. Asipopatikana, mahakama inaweka mtu wake. Na mtu wa mahakama, kwa kesi kama ile ya majirani, kazi yake ya kwanza ni kuchimba." Alimtazama baba mdogo juu ya miwani. "Ndiyo maana ngozi imekuja kwa miguu leo."

*

Uamuzi haukuchukua muda.

"Kwa ofisi hii, binti aliokoa mali, hakujitwalia," msajili alisema. "Asiyeridhika aende kwa jaji. Binti, bado una haki ya kukataa. Lakini fahamu, kukataa hakuna nusu."

"Naomba jambo moja tu," Chumvi alisema. "Kabati la mama yangu liko chumbani kwa marehemu. La mbao, halina hata kioo. Nguo zake mbili zimo. Nichukue hilo, mengine yote siyataki."

Msajili akatikisa kichwa, na haikuwa kwa ukali. "Urithi hauchaguliwi kama nyanya, hili bovu hili zima. Ukichukua kabati umechukua na mashimo. Ukiacha mashimo umeacha na kabati."

Chumvi alifumba macho. Ndani ya kabati lile, akiingiza kichwa, bado kuna harufu ya mama. Kila mwaka inapungua kidogo.

Alifumbua macho, akaikunjua karatasi iliyokunjwa na baba yake mdogo, akailaza mahali pakavu.

Akasaini.

Msajili akagonga muhuri. Mnyapara akajifuta uso kwa kofia. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Chumvi alivuta pumzi ikafika chini kabisa.

Lakini baba mdogo hakuondoka, msomaji wangu. Hakutukana. Aliinua kiti kilichoanguka, akakifuta kwa kiganja, akakaa, mguu juu ya mguu. Na alikuwa akitabasamu.

"Endelea, mama," alimwambia msajili. "Bado swali moja. Kwa fujo zangu umelisahau."

Msajili akakunja uso. Akaivuta karatasi. Rangi ikamtoka.

"Binti. Una mtoto?"

"Ninaye. Wa kike, mmoja. Bado yuko chekechea. Kwa nini?"

Msajili alivua miwani. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Nilipaswa kukuuliza kabla hujashika kalamu. Hii ngozi, hizi kelele... Mungu wangu, nilipaswa kukuuliza."

"Kuna nini, mama? Sema!"

"Mtu akikataa urithi, sheria humhesabu kama hakuwepo. Lakini urithi hausimami hewani. Unashuka. Unakwenda kwa anayemfuata."

Chumvi alielewa kabla sentensi haijafika mwisho. Mama yeyote angeelewa.

"Kwa mwanangu? Na majirani, na visima, na kesi? Kwa mtoto ambaye hajui hata kufunga kamba za viatu?"

"Kwa jina lake, ndiyo. Yeye mdogo, hawezi kukataa. Wewe mzazi unaweza kumkatalia, lakini mpaka jaji akuruhusu. Umwombe, akusikilize, aridhike kwamba ni kwa faida ya mtoto."

"Basi nirudishie karatasi! Nipe niichane! Nachukua mimi, nachukua yote, mashimo, mapipa, nachukua!"

"Siwezi. Muhuri umeshagongwa. Kukataa nako hakurudi nyuma."

"Na mpaka jaji aseme, mali ya mtoto inashikwa na nani?"

Aliyejibu hakuwa msajili.

"Na mkubwa yeyote wa ukoo asiye na kesi na asiyekataa urithi, akiomba wa kwanza," baba mdogo alisema. "Mimi sina kesi yoyote. Aliyeshitakiwa ni kaka yangu. Sivyo, mama msajili? Naomba, basi. Andika kwamba babu yake mdogo ameomba."

"Maneno ya mnyapara nimeyasikia," msajili alisema, meno yamebana. "Nitayaandika."

"Yaandike. Mzee aliyeshika koleo ayarudie mbele ya polisi, tuone atafungwa nani wa kwanza."

Mnyapara akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga mlango.

Wakati huo huo simu ya Chumvi ikalia mkobani. Aliitoa, akaipokea. Alikuwa mwalimu wa chekechea, sauti changamfu, watoto wanaimba nyuma yake.

"Mama, samahani kukusumbua kazini. Binti yetu kasahau sweta lake. Babu yake mdogo alipokuja kumchukua asubuhi walikuwa na haraka, hata sikuwahi kuwaita. Nikuwekee mpaka kesho?"

Mwalimu akakata.

Chumvi hakuwa amemtuma mtu.

Alizunguka meza. Akasimama mbele ya kile kiti, karibu kabisa, mpaka magoti yake yakagusana na ya yule aliyembeba siku ya surua.

"Umempeleka wapi mwanangu?"

Baba mdogo alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kula na kunawa.

"Kwake," alisema. "Mtoto hapelekwi kiwandani kwake?"